Shilingi 8,000 kwa Hewa Iliyopakwa Siagi

Nimeikunjua tena risiti ya lile duka la keki za Kifaransa la Shangani, Mji Mkongwe, nikitumaini kwamba mwanga wa mchana ungeipunguza, lakini imebaki vilevile: krosanti, yaani kile kimkate cha siagi kilichopinda, shilingi 8,000 kila kimoja. Ieleweke kwamba mimi si bahili. Bahili hapeleki familia Unguja mwezi wa Desemba huku akiijua Januari kwa jina na sura.

Habari za boti sitazieleza, kwa kuwa mama mkwe ameomba zisielezwe. Papasi wa bandarini, wale vijana wanaowaandama wageni, nao nimewasamehe, ingawa mmoja wao alinifundisha kwa Kiingereza namna karafuu inavyoota, mimi mzaliwa wa Muheza.

Duka lilichaguliwa na binti yangu wa kidato cha pili, ambaye alivutwa na picha wala si njaa. Ndani kulikuwa na baridi kali, na nilipomwomba kijana wa kaunta apunguze kiyoyozi kwa ajili ya mama mkwe, alinijibu kwa adabu kwamba kiyoyozi kile ni cha siagi. Kisha akanieleza kwamba unga hukandwa, hutandazwa, huwekewa bamba la siagi, hukunjwa pande tatu na kupumzishwa kwenye jokofu, na kwamba kazi hiyo ya kukunja na kupumzisha hufanywa mara tatu hadi siagi inapofikia matabaka 27, ambayo yote huharibika iwapo joto la Unguja litaiyeyusha mapema. Nikauliza, kwa heshima zote, ni nani anayeyalipia hayo mapumziko ya unga, maana mimi nimesubiri mwaka mzima nipewe likizo.

"Ni wewe, mzee wangu," alijibu, wala hakuwa akitania.

Akaendelea kusema kwamba hata Wafaransa waliupata mtindo huu kwa August Zang, mtu wa Vienna aliyefungua duka la mikate mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa Unguja, nikilipa bei ya Paris kwa mkate wenye asili ya Austria, na kijana yule aliniambia hayo kana kwamba ninapaswa kufarijika.

Vyakula vilipoletwa hatukuruhusiwa kuvigusa mpaka vipigwe picha, vikiwa peke yake, kisha vikiwa na kikombe, kisha vikiwa na mkono wa binti usiokula. Mama mkwe alitumia muda huo kukagua chai. Alikuwa ameagiza chai ya maziwa, akaletewa birika la maji ya moto, kipakiti chenye uzi, na maziwa ya kutosha kumponya paka mgonjwa.

"Kijana, mwambie aliyepika kwamba amesahau kupika," alisema.

"Hivyo ndivyo ilivyo, bi mkubwa. Unajichanganyia mwenyewe."

"Na ndani ya mkate huu mmeweka nini?"

"Hatuweki kitu, bi mkubwa. Ni hewa."

Mama mkwe aliubonyeza kwa kidole, ukanywea mbele ya mashahidi. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya mahari, kisha akachovya kilichobaki ndani ya chai, nayo ikageuka uji. Mtoto wetu wa mwisho alilamba chokoleti ya juu ya ekleri, ile keki ndefu ya Kifaransa, na kutangaza kwamba ameshiba. Mabaki yote yakasogezwa kwangu bila kikao wala kura, nikayala hadi vipande vilivyokuwa juu ya meza, kwa sababu kila kipande nilikiona kina bei.

Tulipotoka tu, wote wakasema wana njaa! Mke wangu akanunua mikate ya boflo na maharage ya nazi uchochoroni, watu wakala wakanyamaza, na hakuna aliyepiga picha. Binti alipomaliza kula ndipo akakumbuka kunipa orodha ya mahitaji ya kuripoti shuleni Januari: rimu ya karatasi, ndoo, na fagio jipya. Alipeleka fagio mwaka jana na mwaka juzi, na wenzake wote walipeleka. Shule ile ina uwanja mmoja na mabweni mawili. Hayo mafagio mengine yanafagia wapi?