Medigap: herufi ni ile ile, usilipie jina la kampuni

Kampuni mbili zinaweza kuuza Mpango G katika mji mmoja, moja ikitoza makumi ya dola zaidi kila mwezi, na bado mzee akapata kinga ile ile kwa yoyote kati ya hizo. Tangu 1992, bima za nyongeza za Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi) zinazoitwa Medigap hupangwa kwa herufi, na faida za kila herufi zimewekwa kisheria. Massachusetts, Minnesota na Wisconsin tu ndizo zenye mpangilio wao. Kwa hiyo anayeanza kwa kulinganisha kampuni ameanzia mkiani. Anza na tarehe, kisha herufi, kisha namna bei inavyopanda. Kampuni ije mwisho.

Kwanza tuone pengo lenyewe, kwa viwango vya 2025. Sehemu B ya Medicare, inayogharamia madaktari na vipimo, hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa baada ya mgonjwa kutoa dola 257 za mwanzo wa mwaka. Asilimia 20 inayobaki haina kikomo. Tiba iliyoidhinishwa kwa dola 60,000 humwachia mzee karibu dola 12,000. Sehemu A, ya kulazwa, humdai dola 1,676, na wengi hudhani hizo hulipwa mara moja kwa mwaka. Sivyo. Akikaa siku 60 nje ya hospitali kisha akalazwa tena, hesabu inaanza upya.

Sasa tarehe. Dirisha la kujiunga na Medigap hudumu miezi 6, kuanzia mwezi ambao mtu ametimiza miaka 65 na tayari ana Sehemu B. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kumkataa wala kumwongezea bei kwa sababu ya kisukari, moyo au saratani. Dirisha likifungwa, katika majimbo mengi anaulizwa maswali ya afya na anaweza kukataliwa moja kwa moja. New York na Connecticut ni kati ya majimbo machache yanayomruhusu mtu kuingia wakati wowote.

Hapa ndipo familia zetu zinapoumia. Baba bado anafanya kazi akiwa na miaka 66, ana bima ya mwajiri mkubwa, halafu anajiandikisha Sehemu B kwa hofu tu. Miezi 6 inamwishia kimya kimya huku haihitaji Medigap. Mwajiri akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, kwa kawaida anaweza kusubiri mpaka astaafu ndipo ajiandikishe Sehemu B, bila adhabu ya kuchelewa. Kinyume chake, mama aliyefika Marekani akiwa na miaka 70 hajachelewa. Mwenye ukaazi wa kudumu aliyeishi nchini miaka 5 mfululizo anaweza kununua Sehemu A na B, na dirisha lake hufunguka siku Sehemu B inapoanza, hata akiwa na miaka 75. Lazima awe na zote mbili ndipo auziwe Medigap.

Kwenye herufi, wengi wanaoingia leo wanabaki kuchagua kati ya G na N. C na F zimefungwa kwa waliostahili Medicare kuanzia tarehe 1 Januari 2020. G hufunika karibu kila pengo isipokuwa zile dola za mwanzo wa mwaka za Sehemu B. N humtaka mzee achangie hadi dola 20 akimwona daktari, na hadi dola 50 chumba cha dharura asipolazwa. Piga hesabu: N ikiwa nafuu kwa dola 30 kwa mwezi, unaokoa dola 360 kwa mwaka, sawa na ziara 18 za dola 20. Mzee anayemwona daktari mara 6 anapata faida na N. Ila N haifuniki nyongeza ya hadi asilimia 15 ambayo daktari asiyekubali bei ya Medicare anaweza kutoza. Ohio na Pennsylvania zinakataza nyongeza hiyo, kwa hiyo huko hofu hiyo haipo. Mipango A na B siipendekezi: haigusi malipo ya kila siku (dola 209.50 mwaka 2025), kuanzia siku ya 21 hadi ya 100, katika kituo cha uuguzi wa kitaalamu. Na usichanganye Mpango B na Sehemu B.

Bei ya mwezi wa kwanza ndiyo mtego mkubwa. Muulize wakala swali moja: bei hii imepangwaje? Kuna inayotoza watu wote sawa bila kujali umri, kuna inayotazama umri uliokuwa nao siku ya kununua, na kuna inayopanda kadiri unavyozeeka. Hii ya tatu ndiyo huonekana rahisi mtu akiwa na miaka 65, kisha ikamkaba akiwa na 80, wakati afya haimruhusu tena kuhama. Zote hupanda kwa mfumuko wa gharama, kwa hiyo omba kuona kampuni ilivyopandisha bei miaka iliyopita.

Medigap hufuata uamuzi wa Medicare. Mzee akikaa hospitali siku tatu "chini ya uangalizi" bila kuandikishwa kama aliyelazwa, Medicare ya kawaida haitalipia kituo cha uuguzi baadaye, na Medigap nayo haitalipa. Uliza hali yake akiwa bado kitandani. Meno, miwani, vifaa vya kusikia na uangalizi wa muda mrefu havimo. Dawa zinahitaji Sehemu D, bima ya dawa inayonunuliwa kando.

Kwa wanaosafiri nje ya Marekani, C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura baada ya dola 250, hadi dola 50,000 kwa maisha yote, lakini dharura lazima ianze ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Anayekwenda miezi 4 akate bima nyingine ya safari kwa siku zinazobaki.

Aliye kwenye Medicare Advantage (Medicare inayotolewa kupitia kampuni binafsi badala ya ile ya kawaida) hawezi kutumia Medigap sambamba nayo. Na anayebadili Medigap asifute ya zamani kabla ya kupokea barua ya kukubaliwa. Ana siku 30 za kuipima mpya, ila katika siku hizo atalipia zote mbili. Bei za eneo lake zipo kwenye tovuti ya Medicare, na kila jimbo lina washauri wa SHIP, programu ya ushauri kuhusu Medicare, wanaosaidia bure na hawauzi chochote.