Sare Moja Nayo Ina Gharama Yake

Aliyewahi kuchangia sare ya harusi hapa Mombasa anaujua ubishi huu. Kitambaa kikinunuliwa kwa majora, bei hushuka na kila mtu hushukuru. Lakini rangi iliyompendeza bibi harusi huenda ikamkataa shangazi yake, na baada ya usiku ule mmoja gauni hufungiwa kabatini lisivaliwe tena.

Kombati za mabaka za majeshi ya Marekani zimezua ubishi huo huo, ila kwa mabilioni ya dola. Kisa chake husimuliwa upande mmoja tu: kila jeshi lilitaka urembo wake, mlipa kodi akagharamia, na dawa ni wote wavae namna moja. Naona wanaotetea tofauti za sare hawajasikizwa vya kutosha.

Wanaotaka sare moja wana hoja, sikatai. Hadi 2002 majeshi yote ya Marekani yalikuwa na mabaka ya namna mbili, ya msituni na ya jangwani. Marines, kikosi chao cha kushambulia kutoka baharini, wakajitenga kwanza, wakachapa hata nembo yao ndogo ndani ya kitambaa. Wengine wakafuata, na ndani ya miaka kumi zikaongezeka sare saba. Mwaka 2012 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba jeshi la nchi kavu, la anga na la majini yangeweza kuokoa hadi dola milioni 82 kwa kushirikiana. Na anayetunza bohari yenye kila namna kwa kila saizi ana haki ya kulalamika.

Lakini hasara kubwa kuliko zote katika kisa hiki ilitoka wapi? Ilitoka kwenye sare moja ya kila mahali. Mwaka 2004 jeshi la nchi kavu lilitangaza mabaka ya kijivu yaliyokusudiwa kufaa msituni, jangwani na mjini, mahali pote kwa pamoja. Yalichaguliwa bila ushahidi wa kutosha wa majaribio. Afghanistan ikayaumbua: kufikia 2010 wanajeshi waliotumwa huko walianza kupewa mabaka mengine, na mwaka 2014 jeshi likatangaza mrithi. Mrithi huyo alitokana na mchoro ambao jeshi lenyewe lilikuwa nao tangu 2002. Magazeti yalitaja dola bilioni 5 kuwa gharama ya mkasa mzima. Ziweke hizo kando ya milioni 82 za GAO, uone ni kosa gani lililokula zaidi.

Tena wino wa kuchapa mabaka wenyewe si ghali. Kinachomaliza pesa ni kubadilisha: ukibadilisha shati na suruali, hubadilishi hizo tu, bali fulana za kuzuia risasi, mikoba, vifuniko vya kofia na akiba yote ya bohari. Jeshi la nchi kavu lilikadiria kwamba mabadiliko kama hayo yangeweza kufika dola bilioni 4 kwa miaka mitano. Kwa hiyo anayelazimisha sare moja leo naye anaagiza mabadiliko, na bili yake ni ya leo, wakati akiba anayoahidi ni ya miaka ijayo.

Bei ya kombati moja nayo haitegemei mabaka peke yake. Sheria ya Marekani ya tangu 1941 hudai nguo za wanajeshi zitokane na nyuzi za Marekani na zishonwe Marekani. Mafundi wa viwanda vya EPZ hapa kwetu, vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje, wameshona nguo nyingi za kwenda Marekani chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, lakini kombati ile hawaruhusiwi kuigusa. Mabaka yawe ya namna moja au kumi, gharama hiyo ipo pale pale.

Huwa natajiwa Afghanistan kunijibu. Mkaguzi maalumu wa Marekani, SIGAR, alitoa ripoti mwaka 2017 kwamba jeshi la Afghanistan lilinunuliwa sare za mabaka ya msituni, mchoro wa kampuni binafsi aliouchagua waziri wa ulinzi wa nchi hiyo, na huenda hadi dola milioni 28 hivi zilitumika bila ulazima kwa miaka kumi. Misitu ya Afghanistan ni asilimia 2.1 ya nchi. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi kichwani. Askari akigawanya mwaka wake sawasawa na ardhi ile, angekaa msituni siku zisizofika 8, na siku zote zilizobaki, mlimani, mchangani na mjini, angeonekana. Hapo nakubali kwamba mchoro wa kununua haki kwa kampuni ulipandisha bei. Lakini kilichomfichua askari ni kwamba hakuna aliyeitazama ardhi, na hilo ndilo kosa la ile kijivu ya kila mahali.

Bahari inaonyesha jambo hili wazi zaidi. Wanamaji wa Marekani walivikwa mabaka ya buluu, ingawa aliyeanguka majini anahitaji aonekane haraka aokolewe. Halafu mwaka 2012 majaribio yao wenyewe yalionyesha kwamba kitambaa hicho cha nailoni na pamba kikishika moto kinaendelea kuwaka. Melini adui wa kwanza ni moto. Baharia wa Mtongwe, kambi ya jeshi letu la majini, hahitaji mabaka ya askari anayepita msitu wa Boni. Anahitaji ovaroli isiyoshika moto.

Na sisi tuna Boni yenye kivuli na nyika ya Garissa iliyo kavu, nchi moja hiyo hiyo. Pendekezo lolote la sare moja kwa vikosi vyetu vyote niko tayari kulisikiliza, mradi kitambaa kiwe kimetembezwa kwanza sehemu zote mbili, masika na kiangazi, jora la kwanza kabla halijakatwa.