Vifaa vya faragha: kabla ya rangi, uliza malighafi

Mtu akienda kununua sufuria huigonga kwa kidole asikie mlio, huigeuza akague kitako. Akinunua kifaa cha faragha cha watu wazima, yaani cha kujistareheshea kimapenzi, huona picha kwenye simu, hulipa, kifurushi huletwa kimefungwa gubigubi, na haya humzuia hata kuuliza kimetengenezwa kwa kitu gani. Nasikitishwa na hilo, kwa sababu kifaa hicho hugusa sehemu laini sana za mwili.

Wapo wasiotaka mjadala: silikoni halisi, kioo kigumu, chuma cha pua au plastiki ngumu ya ABS, vingine vyote vitupwe. Wana sababu. Vile vilaini vya bei ya chini, vinavyonata mkononi, mara nyingi ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa fithaleti, kemikali ambazo baadhi yake huvuruga homoni na kudhuru uzazi. Mwaka 2006 shirika la mazingira la Greenpeace, tawi la Uholanzi, lilipimisha vifaa 8. Katika 7 zilikutwa fithaleti, kwa kiwango cha asilimia 24 hadi 51. Mwaka mmoja kabla, Umoja wa Ulaya ulikuwa umepitisha kikomo cha asilimia 0.1 kwa fithaleti hatari zaidi katika midoli ya watoto. Mdoli wa mtoto ukapata ulinzi, kifaa cha mama yake kikaachwa.

Wengine wanajibu kwamba hofu imepita kiasi. Mtoto hutafuna mdoli siku nzima. Mtu mzima hutumia kifaa chake dakika chache. Mamlaka ya mazingira ya Denmark ilichunguza suala hili mwaka huohuo wa 2006, na kwa matumizi ya kawaida haikuona hatari kubwa, ingawa iliwataka wajawazito na wanaonyonyesha wawe waangalifu. Tena tangu Julai 2020 sheria ya Ulaya imepeleka kikomo kile cha asilimia 0.1, kwa fithaleti 4, hadi kwenye bidhaa nyingi zinazogusa mwili. Lakini sheria hiyo haimlindi mnunuzi wa Nairobi aliyeagiza kifurushi kisicho na jina la mtengenezaji.

Kwangu mimi, kemikali si hoja nzito kuliko zote. Jambo la kila siku ni vitundu. TPE, ule mpira laini unaofanana na ngozi, huweza kutokuwa na fithaleti hata chembe, ila una vitundu visivyoonekana kwa macho, na uchafu hujificha humo. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wenye wanawake 12, ulikuta virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono, kwenye baadhi ya vifaa vya TPE hata saa 24 baada ya kusafishwa. Idadi hiyo ni ndogo, siwezi kuifanya msahafu. Hata hivyo inatosha kunifanya nisishauri watu wawili wabadilishane kifaa cha TPE bila kukivalisha kondomu mpya kila mmoja. Silikoni isiyo na mota unaichemsha dakika chache, basi. TPE ukiichemsha inaharibika.

Wengine huvitetea vile vilaini kwa sababu ya bei. Hoja hiyo naiheshimu, maana silikoni nzuri ni ghali kweli. Ila wanaoitoa husahau ABS: plastiki ngumu, haina vitundu, inaoshwa kwa sabuni na maji, na vifaa vyake vidogo huwa vya bei nafuu. Mwenye fedha kidogo hajafungiwa kwenye mpira unaonata.

Na neno «silikoni» kwenye boksi lisikulaze usingizi. Wauzaji huliandika hata kwenye mchanganyiko, na «ya hospitali» ni sifa ambayo mara nyingi hakuna aliyeikagua. Mwaka 2021 kilitoka kiwango cha kimataifa, ISO 3533, kuhusu usalama wa vifaa hivi, lakini kukifuata ni hiari. Muulize muuzaji swali moja: naweza kukichemsha? Akisitasita kuhusu kifaa cha silikoni kisicho na mota, nenda kwingine.

Ukishakipata, tumia kilainishi cha maji, kwa kuwa cha silikoni huweza kula uso wa kifaa cha silikoni, na mafuta hupasua kondomu ya mpira. Kikaushe vizuri, kisha kiweke kwenye mfuko wake wa kitambaa, mbali na vile vya TPE. Vikigusana muda mrefu huweza kuharibiana.