"Zimetengwa" na "zimetolewa": tusome upya majibu ya mawaziri bungeni

Wiki iliyopita nilipanda Hiace kutoka Moshi kwenda Arusha. Tulipofika Usa River foleni ikatukamata, na abiria wa kiti cha mbele akafungua video ya Bunge kwenye simu, sauti juu. Naibu Waziri alikuwa anajibu swali la barabara: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Ujenzi, naomba kujibu..." Kabla hajafika kwenye "kama ifuatavyo" gari zima lilishaanza kuguna. Alipotamka "upembuzi yakinifu", konda akadakia, "Hao kila siku wanapembua tu!" Watu wakacheka, video ikazimwa. Jibu lenyewe hatukulisikia hadi mwisho.

Kicheko kile kimenikaa kichwani, kwa sababu naamini majibu hayo tunayadharau kabla ya kuyasoma.

Kwanza niwape haki yao wanaolalamika, maana wana hoja nzito. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Waziri anayejibu "mchakato unaendelea" mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu, anaifanya ibara hiyo iwe maandishi matupu. Katika Bunge la 12, wabunge wa upinzani waliochaguliwa majimboni walihesabika kwa vidole. Mbunge anayesubiri kupitishwa tena na chama kilekile cha Waziri ana sababu zote za kukwepa kumbana. Ndiyo maana tumezoea kusikia swali la nyongeza likianza na "naishukuru Serikali kwa majibu mazuri", kisha linafuata ombi jipya la kituo cha afya ambalo halihusiani na jibu lililotolewa. Na tangu Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, wengi wetu tulijizoeza kulijua Bunge kwa vipande vya sekunde arobaini. Kipande hakibebi swali la msingi, wala hakibebi jibu la miezi sita nyuma.

Hayo yote nayakubali. Lakini hebu turudi kwa konda wetu na upembuzi wake.

Lugha ya majibu ya barabara na reli ina ngazi, na kila neno lina daraja lake. Upembuzi yakinifu maana yake bado wanachunguza kama mradi unafaa na utagharimu nini. Usanifu wa kina maana yake michoro inachorwa, madaraja na makalavati yanapimwa. Baada ya hapo unasikia "Serikali inatafuta fedha", kisha "zabuni imetangazwa", kisha "mkandarasi yupo eneo la kazi". Anayefuatilia anajua mradi wake umesimama daraja gani. Ukisikia "upembuzi" mwaka wa kwanza na "usanifu wa kina" mwaka wa pili, kitu kimesogea, hata kama hakuna greda lililoonekana. Ukisikia neno lilelile miaka mitatu, hapo una kesi ya kumpelekea mbunge wako.

Sisi wa huku kaskazini tuna mfano wetu. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, halafu treni ya abiria ikafa, watoto wakakua wakiijua kwa kusimuliwa. Kwa miaka tuliishi na majibu ya "ukarabati unaendelea", na tuliyacheka vilevile. Desemba 2019 treni kutoka Dar es Salaam ikaingia tena stesheni ya Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Leo jibu linalochekwa ni la reli ya kisasa ya Tanga, Arusha hadi Musoma, zaidi ya kilomita 1,000. Upembuzi ulishafanyika, kinachotafutwa ni fedha. Naibu Waziri akisema hivyo bila kutaja tarehe ya kuanza, kwangu mimi anasema kweli. Tarehe angeweza kuitaja, angepigiwa makofi, na tungeikumbuka kwa uchungu.

Neno ninalotaka tulikazie macho kuliko yote ni "zimetengwa". Naibu Waziri anasimama, anasoma: katika mwaka huu wa fedha zimetengwa shilingi milioni kadhaa kwa ajili ya barabara fulani. Makofi. Mbunge anashukuru, anakwenda jimboni anasema fedha zipo. Fedha hazipo. Zilizopo ni tarakimu kwenye kitabu cha bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kati ya kutengwa na kutolewa kuna Hazina, kuna makusanyo ya kodi, kuna madeni ya nyuma. Unaweza kufika Februari, nusu ya mwaka wa fedha imeshapita, na mkandarasi hajaona shilingi. Anaondoa mitambo, kifusi kinabaki pembeni, mvua za masika zinakisomba. Halafu hati zake za malipo zinaanza kuzaa riba, na ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, zimekuwa zikituonyesha riba hiyo ikilipwa kwa kodi yetu. Sasa tazama jibu lile la mwanzo: Naibu Waziri hakudanganya. Alisema "zimetengwa", na kweli zimetengwa. Aliyepaswa kuuliza "hadi leo Hazina imetoa kiasi gani, na mkandarasi anadai hati ngapi?" ni mbunge, na Kanuni za Bunge zinampa maswali mawili ya nyongeza ya kuulizia hayo hayo. Akiyatumia kushukuru, tusimbebeshe Waziri lawama zote.

Kuna na hili la mipaka ya wizara. Ile Hiace yetu pale Usa River: barabara kuu ni ya TANROADS, chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za mitaa zinazomwaga magari pale ni za TARURA, chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Leseni na nauli ya Hiace ni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, chini ya Uchukuzi, wizara iliyotenganishwa na Ujenzi mwaka 2023. Trafiki aliyesimama juani ni wa Mambo ya Ndani. Mbunge akiuliza "lini Serikali itamaliza kero ya usafiri kati ya Moshi na Arusha?", mmoja tu kati ya hao wanne atajibu, na atajibu robo yake. Swali pana huzaa jibu pana.

Kwenye haki, tofauti kati ya tunachosikia na alichosema Waziri ni kubwa zaidi, na hapa ndipo naona mawaziri hawaeleweki kabisa.

Mama yangu mdogo, wa Kibosho, ana shauri la kihamba, shamba la ukoo. Alianzia baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukashindikana, akapewa hati ya kuthibitisha hivyo, akaenda baraza la ardhi la wilaya. Huko ameahirishiwa mara nyingi: leo mwenyekiti yupo semina, kesho wazee wa baraza hawajatimia. Nauli ya kushuka mjini na kupanda tena anaitoa kwenye ndizi. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini Waziri asipige simu moja tu?"

Nilimjibu kwamba shemeji anayegombana naye ana mtoto mwenye nafasi yake Dar es Salaam. Kama Waziri anapiga simu, simu ya nani itapokelewa kwanza? Alinyamaza muda mrefu.

Ibara ya 107A ya Katiba inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki ni Mahakama, na 107B inazitaka mahakama zote ziwe huru. Lakini tumelelewa na viongozi wa "naagiza". Tumeona wakuu wa wilaya wakitumia Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, mkutanoni, watu wakishangilia. Ukishazoea hayo, Waziri wa Katiba na Sheria anayesimama na kusema "suala hili lipo mahakamani, naomba tuiachie Mahakama" anaonekana mwoga au mkwepaji. Mimi namwona amemlinda mama mdogo, bila yeye kujua. Siku atakayotoa maelekezo kwa hakimu kutokea bungeni, hata kama maelekezo hayo ni mazuri, mwenye ndugu mkubwa atakuwa amefunguliwa mlango.

Hata hivyo kinga hiyo ina mwisho wake, na wapo mawaziri wanaoitumia vibaya. Baraza la ardhi la wilaya halimo ndani ya Mahakama. Mwenyekiti wake huteuliwa na Waziri wa Ardhi, na mazungumzo ya kuyahamishia mabaraza haya Mahakama yamekuwapo kwa miaka. Kuuliza shauri la mama mdogo liamuliweje ni kuingilia. Kuuliza wapo wenyeviti wangapi, kila mmoja ana mashauri mangapi, na posho za wazee wa baraza zimelipwa hadi mwezi gani, hilo ni swali halali kabisa. Katiba hiyohiyo, 107A(2), inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi, na ukosefu wa mwenyekiti ni jambo la Serikali kushughulikia. Waziri akijibu maswali hayo kwa "hatuingilii uhuru wa vyombo vya haki", anajificha, na mbunge ana wajibu wa kumwambia hivyo palepale.

Jioni ile mama mdogo aliniletea daftari la mjukuu wake, tukaandika maswali matatu: wenyeviti wangapi, mashauri mangapi yamezidi miaka miwili, fedha za baraza zilizotengwa mwaka huu zimetolewa kiasi gani. Alinifanya nisome lile la tatu mara mbili. Kisha akachana ukurasa, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli. Jumatatu anashuka ofisi ya mbunge.