Bosi aone kila kitu, asiguse kitu: hoja ya mhasibu anayemkatalia

Kampuni inanunua programu ya hesabu, iwe QuickBooks, Tally au Odoo, na siku ya kufungua akaunti za watumiaji hakuna anayejiuliza mwenye kampuni apewe ruhusa gani. Kampuni yake, fedha zake, basi apewe zote. Mhasibu au mtu wa TEHAMA anayethubutu kusema mzee aone kila kitu ila asiweze kubadilisha chochote huonekana ana kiburi, au ana jambo analolificha. Wapo kweli wanaoficha. Wengi, hata hivyo, wana hoja nzito wasiyoweza kuimaliza kuieleza, kwa kuwa wanayemweleza ndiye anayewalipa mshahara.

Tuanze na mahitaji yenyewe. Mwenye mali anataka kujua salio la benki, wateja wanaodaiwa na kwa muda gani, faida ya mwezi, na malipo yanayosubiri idhini yake. Yote hayo ni kusoma, isipokuwa hilo la mwisho ambalo ni kuidhinisha. Programu hizi zimelijua hilo zamani: QuickBooks Online ina mtumiaji wa ripoti tu, na Odoo ina kundi la mkaguzi anayesoma bila kuandika. Katika orodha yote ya mambo anayoyahitaji bosi, halimo hata moja linalodai uwezo wa kufuta ankara.

Lakini uwezo huo akiwa nao, siku moja atautumia. Kwa nia njema kabisa. Mteja anampigia simu kulalamika kuhusu ankara ya mwezi uliopita, bosi anaingia, anashusha bei, anahifadhi. Tatizo ni kwamba ritani ya VAT ya mwezi ule ilishawasilishwa tarehe 20 kwa mamlaka ya kodi, TRA au KRA, na sasa leja haifanani na ritani. Mhasibu atakuja kuliona pengo hilo miezi kadhaa baadaye, mkaguzi akishaketi mezani. Njia sahihi ilikuwa hati ya punguzo yenye tarehe ya leo, inayoacha ankara ya zamani kama ilivyo. Ndiyo maana programu zina tarehe ya kufunga hesabu: kabla ya hapo hakuna kinachohaririwa. Ila mwenye ruhusa kuu anaweza kuisogeza tarehe hiyo, na bosi mwenye haraka huisogeza.

Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba akaunti ya bosi, katika kampuni nyingi, ndiyo inayotumiwa na watu wengi kuliko zote. Bosi hana muda wa kuingia kwenye mfumo. Nywila anayo katibu muhtasi. Namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu ya mzee, naye akiwa kikaoni anaisoma kwa sauti au anaituma WhatsApp. Akisafiri, simu ya pili inabaki kwa mwanawe. Kwa hiyo akaunti yenye nguvu kupita zote inakuwa ndiyo isiyo na mwenyewe.

Wakenya waliliona hili kwa ukubwa wake mwaka 2015, katika sakata la NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, lililohusu shilingi milioni 791. Afisa mmoja wa juu alisema nywila yake ya IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali, iliibwa na kutumiwa kuidhinisha miamala. Tuache nani alikuwa na hatia. Tutazame jinsi ushahidi ulivyofika njia panda. Mfumo ulikuwa na jina la mtumiaji, kama inavyotakiwa. Kilichobishaniwa ni nani aliyekuwa kwenye kibodi, na hapo kumbukumbu za mfumo hazina la kusema, kwa sababu zinaandika akaunti, haziandiki mtu.

Sasa shusha kisa hicho kwenye kampuni ya watu kumi na watano. Malipo ya shilingi milioni nane yamekwenda kwa msambazaji asiyejulikana. Kumbukumbu zinaonyesha akaunti ya bosi ndiyo iliyomsajili msambazaji, ikaandaa vocha, ikaidhinisha. Bosi anasema si yeye, na pengine anasema kweli. Nani anashukiwa kwanza? Si katibu muhtasi, wala si mtoto wa mwenye kampuni. Ni mhasibu, kwa sababu ndiye anayejua mfumo, na hana karatasi hata moja ya kujitetea. Anapomnyima bosi ruhusa ya kuandika, anajilinda yeye mwenyewe, na ni haki yake. Sioni kiburi hapo.

Ajabu ni kwamba kanuni hii, kwamba anayetenda asiwe ndiye anayejihakiki, tunaikubali haraka ikiwahusu wengine. Benki ya Barings ya Uingereza ilipoanguka mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827, mfanyakazi wake Nick Leeson alikuwa Singapore akiongoza biashara, na wakati huohuo akisimamia ofisi ya nyuma iliyopaswa kumhakiki. Wenye kampuni wakisimuliwa hayo hutikisa kichwa na kuwawaza makarani wao. Akaunti zao wenyewe haziwajii akilini.

Upande wa pili una neno, na si dogo. Hofu ya bosi ni kufungiwa nje ya mali yake. Mtu wa TEHAMA alisajili programu kwa barua pepe yake binafsi, akasajili na jina la tovuti kwa jina lake, kisha wakagombana. Au mhasibu aliyekuwa msimamizi mkuu ameacha kazi na hapokei simu. Kuirudisha akaunti ya namna hiyo kwa mtoa huduma ni kazi ya nyaraka na wiki za kusubiri, mishahara ikidaiwa. Anayeogopa hili haogopi kivuli. Kuna pia kampuni ya watu watatu, ambamo kugawanya kila hatua ya malipo kwa mtu tofauti ni kujidanganya, na kuna malipo yanayolala siku tano kwa sababu mwidhinishaji yuko Guangzhou na mtandao unamsumbua.

Ila hofu ya kufungiwa nje haitibiwi kwa kumfanya bosi atumie ruhusa kuu kila siku. Inatibiwa kwa kutenganisha umiliki na matumizi. Usajili wa programu na jina la tovuti uwe kwa anwani ya kampuni, isiyo ya mtu. Akaunti kuu iwe peke yake, isiyotumika kwa kazi za kawaida; nywila yake na namba za dharura za uthibitisho ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi, ikae kwenye sefu ambayo ufunguo wake anao bosi. Siku ikifunguliwa, sababu inaandikwa, kazi inafanyika, nywila inabadilishwa, bahasha mpya inafungwa. Akaunti ya bosi ya kila siku ibaki na kusoma yote na kuidhinisha malipo yanayozidi kiwango mlichokubaliana. Akisafiri, idhini apewe mwingine, kwa akaunti yenye jina la huyo mwingine, na iwe na tarehe ya kuisha. Kumwachia mtu simu si kukaimisha.

Hapa ndipo penye makosa ya kiufundi. Katika Odoo, mtu unaweza kumpa kusoma tu kwenye hesabu, kisha ukamwachia haki ya mipangilio ya mfumo. Kwa haki hiyo anajiongezea kundi lolote anapotaka, na lile zuio lako halipo tena. Katika mifumo mingi ruhusa hujumlishwa, hazifutani: mtunza stoo aliyehamishiwa uhasibu bila kuondolewa nafasi ya zamani sasa anaweza kupokea mzigo hewa na kuulipia. Na kuwa na nafasi ya mwandaaji na ya mwidhinishaji si ulinzi kama akaunti moja inaweza kubeba zote mbili. Tafuta kanuni inayomzuia aliyeandaa kuidhinisha hati yake mwenyewe, kisha ijaribu. Ingia kwa akaunti ya majaribio na ufanye kile hasa kilichokatazwa. Kikikubali, hujamaliza kazi.

Kuhusu kumbukumbu, India tangu tarehe 1 Aprili 2023 inazitaka kampuni zitumie programu za hesabu ambazo daftari lao la mabadiliko, linaloandika kila kilichobadilishwa, haliwezi kuzimwa, na Tally, inayotumika sana Kariakoo na Nairobi, ilitoa toleo la namna hiyo. Kwetu mtu anaweza kulichagua kwa hiari yake. Kwa kampuni ya watu watatu, ambako bosi lazima aandae na kuidhinisha, ndiyo kinga iliyobaki: daftari lisilozimika, na mkaguzi wa nje mwenye akaunti ya kusoma anayelipitia kila mwezi, akianza na mistari yenye jina la bosi.