Mtoto Akileta Karatasi ya Hesabu Nyumbani

Muhula wa tatu ukifika, wazazi wa watoto wa darasa la saba hapa Uganda huanza kuota agrigeti 4, yaani alama ya juu kabisa katika masomo yote manne ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kutaka hivyo si kosa. Kinachonisikitisha ni swali linalomlaki mtoto mlangoni akitoka kwenye mtihani wa majaribio: "Umepata ngapi? Na mtoto wa jirani je?" Alama imeshaandikwa. Kinachoweza kubadilika bado ni jinsi atakavyolikabili swali kama hilo tena.

Kaa naye, mfungue karatasi. Tuseme amejumlisha 3/4 na 1/6 akapata 4/10. Mwambie tu, "Nieleze ulivyofanya." Atakuonyesha mwenyewe kwamba alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Rekebisha hapo hapo, jambo hilo moja tu: 4 na 6 zinakutana kwenye 12, kwa hiyo ni 9/12 na 2/12, jibu 11/12. Mpe mengine mawili ya namna hiyo, kisha daftari lifungwe. Ukimsahihisha makosa sita kwa mkupuo, atakachokumbuka kesho ni ukali wako.

Sifa nazo zina hatari zake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Basi taja alichokifanya: "Leo umehakiki jibu kabla ya kuendelea." Na kama hakuhakiki, usimsifu, watoto wanajua wanapodanganywa.

Mwanariadha wetu Joshua Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia pale Kololo, Kampala, mwaka 2017, mbele ya umati wa nyumbani, akaishiwa nguvu mzunguko wa mwisho na kumaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, Aarhus, Denmark, alizishinda. Sisi mtoto akianguka mtihani mmoja wa majaribio tunamwita mzembe siku hiyo hiyo.

Hofu ya chumba cha mtihani inahitaji mazoezi pia: avute pumzi kwa sekunde 4, aitoe taratibu kwa sekunde 6, mara tano, kabla ya kugusa swali la kwanza. Pumzi inayotolewa polepole hutuliza mapigo ya moyo. Aanze wiki kadhaa mapema, kila anapoketi kufanya kazi ya nyumbani, maana zoezi analofundishwa asubuhi ya mtihani humwongezea wasiwasi.