Halikuwa bomu, ilikuwa pawasaplai

Jamani naomba nianze kwa kukanusha. Ile voisi noti inayozunguka kwenye magrupu ya hapa Dodoma, ile mtu anacheka mpaka anakohoa, anasema eti studio ya Nkuhungu imelipuka na produsa kaonekana anakatiza barabara mbio kuelekea Kizota, ni uongo. Sikufika Kizota. Niliishia kwenye simtanki la jirani. Na aliyeirekodi namjua, alikuwepo humo ndani siku yenyewe, tena amekalia kiti changu, na kuna hela yangu hajarudisha toka Idi, tutaonana.

Sasa kwa vile kila mtu anaitumia ile voisi na ananitag, wacha niseme mwenyewe ilivyokuwa, mcheke kitu cha kweli.

Mi natengeneza biti, wengi mnajua. Miaka yote natumia laptop, FL Studio, ile programu ya kutengenezea biti, maisha yanasonga, ila kila nikiweka reverb mbili tatu, ule mwangwi, kwenye vokali mashine inaanza kukwangua, krrr krrr, na hapa kwetu mwezi wa kumi na bati juu ya kichwa ile laptop inachemka mpaka feni yake inasikika kwenye maiki. Feni ya chumbani huwezi kuwasha, utarekodi upepo. Msanii anaimba mapenzi huku anachuruzika jasho. Nikasema basi, nipige moyo konde, nijenge dekstop ya bei ya mwananchi.

Mnaoniuliza inboksi nilitumia vitu gani, nasema hapa mara moja afu tuendelee na aibu yangu. Muziki hauna shida na kadi ya grafiki. Kuna watu wanamalizia mtaji wao huko, waacheni wacheza gemu. Kinachoumia kwenye muziki ni prosesa ndo ubongo wa mashine, RAM ndo kumbukumbu ya kufanyia kazi, na diski ndo ghala. Nikachukua mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, yenye i7-4770, hiyo ni prosesa ya mwaka 2013, kori 4, na sa hivi ziko bei ya huruma sababu Windows 11 haizitaki rasmi kwa hiyo maofisi yanazitoa. Biti haliulizi umri wa prosesa. RAM GB 16, vipande viwili vya 8, sio kimoja cha 16, ili zisomwe kwa pamoja. SSD, ile diski ya kasi, ya kuwekea Windows na programu, hadidiski ya TB 1 ya sampo, vile vipande vya sauti vya kutengenezea biti. Intafesi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, ni Behringer ile ndogo ya maiki moja, inatoa zile volti 48 za kuamsha maiki ya kondensa, na ukiwa na draiva ya ASIO, ile ya kupitisha sauti haraka, ukashusha bafa, yaani foleni ya sauti inayosubiri, mpaka sampuli 128 kwenye kHz 44.1, hiyo bafa ni kama milisekunde 3 tu, mwimbaji anajisikia hapo hapo. Bajeti yote laki 6 na ushee. Hapo nilikuwa najiona waziri.

Ikabaki pawasaplai, lile boksi la ndani ya keisi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine.

Hela imekata. Nikapata jamaa mmoja, simtaji duka wala mtaa, anayo ya mtumba, imetolewa kwenye mashine iliyotoka Marekani, elfu 25. Nikaipokea, nzito kweli kweli, na mafundi wote wanakwambia pawasaplai ya maana ni nzito. Nyuma imebandikwa stika kubwa ya kijani imeandikwa IMEPIMWA. Ikumbukeni hiyo stika.

Ningeweza kuiwasha usiku peke yangu, kimya kimya. Ila siku hiyo nina booking ya kwaya, na mama mwenyekiti wa kwaya aliposikia kuna mashine mpya akasema mwanangu, kitu kipya hakianzi kazi hivi hivi, tutakiombea kwanza. Mi nani nikatae. Ndo ikawa uzinduzi. Nikavaa na shati.

Wakaja. Wamama wa sauti ya kwanza, wamama wa sauti ya pili, vijana wa besi, mwalimu wa kwaya na daftari lake la sol-fa, na mzee mmoja mpiga ilimba, kile kinanda cha vidole gumba, wametoka naye Bahi, maana wimbo wenyewe una vionjo vya kigogo. Mzee akaingia, "Mbukwenyi!", akakaa chini pembeni ya mlango, akaanza kugusagusa ilimba yake taratibu, hana habari na mtu. Na yule jamaa wa voisi noti naye akaja, hakualikwa na mtu, akawahi kiti.

Studio yangu mnaijua. Chumba kimoja cha uani. Trei za mayai ukutani, mablanketi dirishani, ukizima taa saa nane mchana huoni mkono wako. Mlangoni kwa ndani nimebandika karatasi, FUNGA MLANGO, herufi kubwa, maana wasanii hawasikii. Na kitasa cha ndani nilishakitoa muda mrefu, kilikuwa kinatetemeka besi ikipiga, kinaingia mpaka kwenye rekodi. Sisi huwa tunabana kipande cha boksi mlango usijifunge kabisa. Wanaokuja mara kwa mara wanajua. Kwaya hawakuwa wanaokuja mara kwa mara.

Maombi yakapita, marefu, yamegusa hadi ukoo wangu. Nikatoa na hotuba. Ndiyo, nilitoa hotuba, voisi noti haijadanganya kila kitu. Nikasema hii ni hatua kubwa kwa muziki wa kanda ya kati. Nilisema hivyo jamani. Kanda ya kati nzima.

Utaratibu ukawa hivi: mi nawasha swichi ya ukutani, mama mwenyekiti anabonyeza kile kibatani cha kwenye keisi, watu wanapiga vigelegele. Sasa swichi ya ukutani iko nyuma ya meza, chini. Kuifikia inabidi upige magoti, uingize kichwa chini ya meza, unyooshe mkono wa kulia mpaka bega ligome. Kwa hiyo wakati wa tukio la kihistoria la kanda ya kati, kitu ambacho wageni wote walikuwa wanatazamana nacho ni makalio ya produsa. Hedifoni iko shingoni, waya wake umechomekwa kwenye intafesi mezani.

Nikapaza sauti kutoka huko chini. "Mama, uko tayari?"

"Niko tayari mwanangu, kidole kiko hapa."

"Nikifika tatu unabonyeza. Mojaaa..."

Wamama wakaanza kujiandaa na vigelegele, unasikia kabisa pumzi zinavutwa.

"Mbiliii..." na hapo kidole changu ndo kinaishusha ile swichi.

PAAA!

Sio paa ya kawaida. Paa ya kushika kifua. Kwenye matundu ya feni ya pawasaplai niliona mwanga wa bluu, mfupi, msafi, ungeweza kusomea gazeti. Afu giza. Meini swichi ya nyumba nzima imejikata. Kukawa kimya, kimya kile cha watu wote kusahau kupumua, na katikati ya huo ukimya unasikia ilimba inaendelea, ting ting, ting ting, na mzee anauliza kwa utulivu kabisa:

"Ndo besi hiyo?"

Kabla hajajibiwa ikaja harufu. Harufu ya plastiki na samaki wa juzi. Moshi huo. Na ndo ikasikika ile sauti mnayoisikia kwenye video, maana kuna kijana wa besi alikuwa anarekodi, picha nyeusi tii lakini sauti ipo: "MAMA NAKUFA MIMIII!" Nyembamba, ya juu, imevutwa vizuri. Mwalimu wa kwaya amekiri alidhani ni mmoja wa wamama wa sauti ya kwanza na akawa anawaza amhamishie mbele. Sio mama. Ni mimi.

Nikainuka. Juu yangu kuna meza. Ngo! Nikainuka tena kwa upande, nikatambaa, nikakanyaga kitu laini, kikasema "Yesu!", nikasema samahani mama, nikaendelea. Waya wa hedifoni umenishika shingo lakini sijali, navuta, na intafesi ikachomoka mezani ikawa inanifuata nyuma inagonga sakafu tak tak tak kama mbuzi aliyekata kamba. Nikaupata mlango. Nikatoka. Jua hili hapa, hewa hii hapa, na mkono wangu, naapa sikuutuma, ukafanya kile ulichofundishwa na ile karatasi miaka yote.

Ukafunga mlango. Ka.

Niliposhtuka nimeegemea simtanki la jirani, hedifoni shingoni, intafesi inaning'inia magotini. Ndo nikaanza kusikia studio. Kwanza besi: fungua! Halafu wamama: funguaaa! Halafu wote. Wadau, mi ni mtu wa sauti, wacha niseme ukweli, zile trei za mayai zinafanya kazi. Watu wazima wanapiga kelele roho zinawatoka na nje unasikia kwa mbaaali, kwa ustaarabu kabisa.

Miguu ilikataa. Nilikuwa naitazama tu ile nyumba. Mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele akatoka na pasi mkononi, LUKU tunatumia moja, anafoka nani amemaliza umeme. Aliyefungua mlango ni mtoto wa jirani, wa chekechea, alikuwa anachezea mchanga pale. Alinyoosha mkono akazungusha kitasa cha nje, basi, wamama wakamwagika uani na moshi wao. Yule mtoto akanigeukia, akaniuliza mbele za watu:

"Anko, mbona umewafungia?"

Nikamjibu nilikuwa nazuia moshi usisambae.

Mengine ya haraka. Fundi alipokuja akabandua ile stika ya IMEPIMWA, chini yake kuna kiswichi chekundu kimekaa kwenye 115. Kwa Marekani umeme wao ni 120, hivyo pawasaplai za zamani zina hicho kiswichi, ukikiweka 115 ndani unawashwa mzunguko wa kuuzidisha umeme mara mbili. Sasa wewe uko Nkuhungu una 230, ukizidishwa na ukigeuzwa DC inafika kama volti 650, zinagawanwa na kapasita mbili, vile vikopo vya kutunza umeme, ambazo kila moja imeandikwa mwisho volti 200. Zikasema hapana. Ajabu mazabodi, prosesa, RAM, diski, vyote vizima, umeme haukuwafikia. Hata intafesi inafanya kazi, imechubuka tu. Shemeji alikuwa anapanda na SGR kutoka Dar nikamwagiza Kariakoo pawasaplai mpya, yenye maandishi 100–240, hizo zinajipanga zenyewe, haina kiswichi cha kumuaibisha mtu. Mashine imewaka. Haikwangui hata ukiipa reverb za kanisa zima.

Mama mwenyekiti anaamini mpaka leo kwamba ni kidole chake, kwamba alibonyeza kabla ya tatu. Ananiomba msamaha kila tukionana. Namwambia yaliyopita yamepita mama.

Na wewe wa voisi noti, mbona hukusimulia kwamba taa ziliporudi ulikutwa umejiviringisha kwenye blanketi langu la dirishani, umekaa nyuma ya mzee wa ilimba, umri wake mara tatu yako, unamwambia babu tangulia wewe? Simulia na hiyo. Na hela yangu.

Wengine mnaotaka bei za kila kitu nitajibu usiku, sa hivi naitwa getini, kwaya wamefika kumalizia wimbo. Mwalimu ana daftari lake, mzee ana ilimba yake, na mama mwenyekiti ameshika kitasa kipya kwenye mfuko wa rambo, pamoja na bisibisi. Anasema hakuna mtu anaimba mpaka kifungwe.